Kubaki kwaya au kutoka kuimba peke yako: ulinganisho kwa kijana mwenye wito wa sanaa

Nafundisha kwaya ya vijana katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro tangu mwaka 2011. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu noti wala pumzi. Kijana anasubiri wenzake wamalize kupanga viti, anasogea taratibu, "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Kimya kidogo. "Mwalimu, naona nitoke, niimbe mwenyewe."

Mwaka huu wamekuja watatu. Wa mwisho ni binti wa sauti ya pili, fundi cherehani mjini, na sauti yake ikipanda hata wazee wa kanisa huacha kuangalia saa. Nilimwomba wiki mbili nimjibu vizuri. Haya ndiyo majibu yangu, na nimeyaandika ili yawafae na wengine wenye swali hilohilo.

Niseme mapema ninachokiamini. Watu wengi hupima njia hizi mbili kwa ukubwa wa jukwaa: kwaya ni kwa wanaoanza, kuimba binafsi ni kwa walioiva. Mimi nazipima kwa swali jingine: ukiwa katika njia hiyo, ni nani anaweza kukuambia "hapana" nawe ukasikia?

Sisi na mimi

Fungua Zaburi. Ya 23 inaanza na mtu mmoja: Bwana ndiye mchungaji wangu. Ya 46 inaanza na watu wengi: Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu. Zote mbili ni nyimbo, zote mbili ni Neno, na hakuna iliyo mdogo wa mwenzake.

Kwaya ni kinywa cha "sisi". Watu arobaini wakisimama msibani na kuimba tumaini la ufufuo, mfiwa anaona kanisa zima limekuja kumshika. Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo, hata awe na sauti ya namna gani.

Lakini kuna ushuhuda ambao kwaya haiwezi kuubeba. Mjane aliyenyang'anywa shamba, kisha Mungu akamsimamisha, hawezi kuwagawia watu arobaini machozi yake wayaimbe kwa sauti nne. Wimbo huo unataka mtu mmoja, na asikike akivuta pumzi. Ndiyo maana nyimbo za waimbaji binafsi hupenya mahali ambapo sisi wa kwaya hatufiki kirahisi: saluni, kwenye daladala, kwenye simu ya mama aliyelala na mgonjwa wodini usiku. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kijana wangu ni hili: wimbo ulio ndani yako unasema "sisi" au unasema "mimi"? Kama kila unachotunga kinakuja kwa "mimi", na kina kisa cha kweli nyuma yake, usione aibu. Huenda ndiko unakoitwa.

Ustadi unapatikana wapi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapokosea hesabu.

Alhamisi saa kumi na moja jioni ninaandika solfa, yaani noti za do, re, mi, ubaoni. Sauti nne, mistari minne: ya kwanza juu, besi chini. Kijana anayeingia leo hajui "fa" iko wapi. Baada ya miezi sita anasoma ubao kama anavyosoma gazeti. Baada ya miaka miwili anasikia mwenzake akishuka nusu ya sauti, anamvuta bila kumtazama. Shule hiyo ni ya bure, na sijaona studio inayoifundisha.

Fundi wangu wa cherehani aliwahi kulalamika kwamba katika wimbo mmoja sauti ya pili imekaa kwenye "sol" mistari miwili mizima, kama mbuzi aliyefungwa kambani. Sikumjibu. Niliwaambia sauti ya pili wanyamaze, wengine waimbe. Ule wimbo ukawa mwembamba kama uji wa mgonjwa. Nikawarudisha, wakashika "sol" yao ileile, na kanisa likajaa. Alikaa chini akacheka, kisha akafuta macho. Hajalalamika tena kuhusu "sol".

Studio inafundisha mambo mengine, na ni mambo ya maana. Unajifunza kutunga wimbo unaoanza na kuisha, kusikiliza sauti yako mwenyewe bila kujificha nyuma ya wenzako, kusimama mbele ya watu na kuzungumza nao, kukubaliana bei, kusoma mkataba. Mwanakwaya wa miaka kumi anaweza kuwa hajui hata kimoja kati ya hivyo. Ila studio ina ubaya wake: prodyuza anarekodi mstari mmoja mmoja, sauti iliyopinda inanyooshwa kwa kompyuta, na jioni unatoka na wimbo safi ambao huwezi kuuimba mbele ya watu. Ndipo yanakuja yale ya kupanda madhabahuni na kufungua mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa.

Maandiko hayana mzaha na ustadi. Kenania alipewa kusimamia uimbaji wa Walawi kwa sababu alikuwa hodari wa kazi hiyo, 1 Nyakati 15. Sura ya 25 inahesabu waimbaji wa hekaluni 288, wote wamefundishwa, na wakapigiwa kura zamu zao mwalimu na mwanafunzi sawasawa. Zaburi ya 33 inasema pigeni kwa ustadi. Upako hauondoi mazoezi. Nikimsikia mtu anasema "mimi naimba kwa Roho tu," huwa namuuliza kama huyo Roho alishamkataza kujifunza.

Kwa ustadi basi, kwaya inashinda kwa anayeanza. Kwa aliyekwisha kuiva na anayetunga mwenyewe, kwaya inaweza kumchelewesha.

Nani anakuambia hapana

Mimi mwenyewe nilitoka. Mwaka 2008 niliacha kwaya, nikarekodi nyimbo sita, nikaanza kwenda mikutano. Sikufukuzwa na sikugombana na mtu. Nilijiona nimezidi kile chumba cha mazoezi.

Moja ya nyimbo zangu ilikuwa na mstari uliosema mwenye imani hatalia msibani. Niliuandika kwa sababu ulilingana vizuri na mstari uliotangulia. Watu waliupenda. Waliruka, walipiga vigelegele, na nilipofika hapo nilikuwa narudia mara tatu, mara nne.

Katika mkutano mmoja, baada ya ibada, mama mmoja alinisubiri kando ya turubai. Alikuwa na kanga mabegani na mikono ameifumbata. Akaniambia, "Mtumishi, ule mstari wako. Mimi nilimzika mwanangu mwezi wa pili. Ina maana sikuamini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu, sikumbuki nini, na kitu hicho hakikumsaidia. Usiku ule niliupitia wimbo wote kichwani, nikajiuliza ni nani aliyeusoma kabla sijauimba. Prodyuza alisikiliza kama sauti imekaa kwenye biti. Aliyepiga picha za video aliangalia mwanga. Rafiki zangu walisema utavuma. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama ni kweli. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na mimi nilikuwa nawaimbia watu kwamba kulia ni kukosa imani.

Katika kwaya yetu mstari ule usingefika ubaoni. Maneno ya kila wimbo mpya husomwa na mchungaji, na kabla ya hapo wanakwaya wenyewe huuliza maswali. Kuna bibi mmoja wa sauti ya kwanza, ana darasa la saba na Biblia iliyochakaa, ambaye ameshazuia nyimbo zangu tatu. Mara zote tatu alikuwa sahihi.

Lakini sitadanganya kwamba kila "hapana" ya kanisa inatoka mbinguni. Wamisionari wengi wa mwanzo walikataza ngoma ibadani, na vizazi kadhaa viliamini kwamba mkono ukigusa ngozi ya ng'ombe sala inaharibika. Kwa Wakatoliki mlango ulifunguka wazi zaidi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, na leo huwezi kuifikiria misa ya Kiswahili bila ngoma na kayamba. Kwetu Walutheri tunamheshimu sana Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki Mjerumani, aliyetia herufi S.D.G. mwishoni mwa kazi zake nyingi, yaani utukufu kwa Mungu pekee. Huyohuyo, akiwa kijana mpiga kinanda kule Arnstadt, aliitwa mbele ya wakuu wake mwaka 1706. Makosa yake yalikuwa mawili: alipewa ruhusa ya wiki nne kwenda Lübeck akakaa karibu miezi minne, na mapambo yake ya kinanda yalikuwa yanawachanganya waumini. Kuhusu ruhusa, walikuwa na haki. Kuhusu mapambo, dunia nzima inajua sasa nani alikuwa anasikia mbali zaidi.

Kwa hiyo ukiwa ndani ya kwaya inayokataa kila kitu kipya, na ukichunguza unaona ni wivu au uvivu tu, kutoka kunaweza kuwa utii. Ila toka ukiwa na watu wawili au watatu uliowapa ruhusa ya kukukataza. Wataje kwa majina. Meneja wako asiwe mmoja wao, maana yeye anakula pale unapokubali.

Fedha

Kwenye kwaya hulipwi. Unalipa. Kuna ada ya mwezi, kuna kitambaa cha sare, kuna nauli ya mazoezi mara mbili kwa wiki. Albamu ikiuzwa, fedha inanunua spika au kinanda kipya. Kama una kazi nyingine inayokulisha, hilo halina shida. Paulo alishona mahema Korintho na bado alihubiri.

Kuimba binafsi unaanza kwa kutoa: studio, video, mavazi, mtu wa kusambaza. Kisha unasubiri. Mwaliko mmoja una bahasha, mwingine una sala. Niliwahi kusafiri siku nzima kwa basi kwenda kuimba siku tatu, nikiwa nimeahidiwa nauli ya kwenda na kurudi. Siku ya mwisho nilipewa gunia la mahindi na nikaombewa safari njema. Waliokuwa wamenialika hawakuwa watu wabaya. Hatukuwa tumeandikiana, basi. Niliuza mahindi stendi ili nipate tiketi.

Watu wakisema mwimbaji akitaka malipo ameuza injili, huwa nawapeleka Nehemia 13. Nehemia alirudi Yerusalemu akakuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake, kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Hakuwagombeza waimbaji. Aliwagombeza wakuu: mbona nyumba ya Mungu imeachwa? Kisha akawarudisha waimbaji mahali pao. Kanisa linalotaka mwimbaji wake asiwe na tamaa lingeanza kwa kumpa nauli.

Ukitoka, fanya mambo haya kabla ya kurekodi chochote: andika makubaliano hata kama mwaliko umetoka kwa mjomba wako, na sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wajukuu wako wanaweza kusoma kwa wimbo ulioutunga leo. Kwenye kwaya mambo haya huwa na ukungu zaidi: wimbo ulioutunga wewe, ukapangiwa sauti na mwalimu na kurekodiwa na wenzako arobaini, ni wa nani? Uliza mapema, wakati bado mnapendana.

Njia ya tatu, ambayo binti hakuiuliza

Vijana wetu wakisikia "msanii Mkristo" wanaona maikrofoni. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema wazi kwamba alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya sanaa hakuwa mwimbaji. Ni Bezaleli, Kutoka 31, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Mwenzake Oholiabu alikuwa mtu wa kutarizi na kufuma. Roho wa Mungu alishuka kwenye sindano na uzi.

Na mlima wetu umetoa wachoraji wawili wanaofaa kuwekwa bega kwa bega. Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, akasoma Makerere, na mwaka 1959 alikamilisha michoro mikubwa mitano kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Ni maisha ya Kristo toka kuzaliwa hadi msalabani, na Kristo huyo ni Mwafrika, katika nchi ileile ambayo muumini anaiona akitoka mlangoni. Kwa watu waliokuwa wametoka kuzikana, hayo yalikuwa mahubiri. Baadaye alianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya sanaa, na wasanii wengi wanalijua onyo lake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi.

Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, naye akapita Makerere, kisha London, na baada ya uhuru wa 1961 akarudi London akiwa balozi wa Tanganyika. Yeye alijulikana zaidi kwa kuchora maisha ya kijijini: migomba, mavuno, watu kazini. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York.

Njau alipaka ukuta wa kanisa, Ntiro akachora njia ya mgombani. Nikiulizwa nani kati yao alifanya kazi iliyompendeza Mungu, nitakataa kuchagua. Mungu aliyeumba migomba haoni haya ikichorwa vizuri. Kama karama yako ni brashi, patasi, kamera au mkasi, hulazimiki kuweka msalaba kwenye kila kitu ndipo kiwe huduma. Unalazimika kukifanya kwa kweli, usiibe kazi ya mwenzako, na mteja akilipia kitambaa cha mita tatu apate mita tatu.

Kama ningekuwa wewe

Ningebaki kwaya kama sijui kusoma solfa, kama sijawahi kutunga wimbo hata mmoja uliomalizika, au kama sababu yangu kubwa ni kwamba mwenzangu aliyetoka sasa ana gari. Ningebaki pia kama nina hasira na mtu. Hasira itakwenda nami hadi studio, na itasikika.

Ningetoka kama nyimbo zinakuja zenyewe na kwaya haina mahali pa kuziweka, kama mchungaji wangu anajua na amenibariki, na kama nina kazi itakayonilisha kwa miaka miwili ya mwanzo bila bahasha ya mtu. Na hapa katikati kuna njia ambayo wengi wanaisahau: kwaya nyingi zinamruhusu mwanakwaya kurekodi nyimbo zake akiendelea na mazoezi, mradi aombe. Nyingine katiba yao inakataza. Isome katiba ya kwaya yako kabla hujasikia maneno ya kwenye korido.

Mimi nilirudi mwaka 2010. Nilikaa nyuma, kwenye besi, mwaka mzima bila kupewa uongozi wowote, na ulikuwa mwaka mzuri. Sisemi kila mtu arudi. Ninawajua waliotoka na wakabaki wanyofu, na nyimbo zao zimenishika siku nilizokuwa sina nguvu ya kuomba.

Juzi binti alikuja kabla ya wiki mbili kuisha. Hakuniuliza nimeamua nini. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, maneno ya wimbo wake wa kwanza, yameandikwa nyuma ya vipimo vya sare za kwaya anazozishona: kifua 36, kiuno 28, urefu 44. Ubeti wa kwanza ni mzuri kuliko chochote nilichotunga mimi. Kwenye ubeti wa pili kuna mstari unaomwahidi msikilizaji jambo ambalo Mungu hakuliahidi. Nimeupigia mstari kwa penseli na kuandika pembeni, "Hapa tuzungumze." Atakuja Alhamisi saa kumi, kabla wenzake hawajafika, na nimemwomba yule bibi wa sauti ya kwanza naye awahi.